Hisa za Kampuni za Kuuza Magari: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana ninayoisikia zaidi ni kwamba watu wa mjini hawanunui magari tena, wanapanda treni na teksi mtandao, kwa hiyo mwenye hisa za kampuni ya kuuza magari aziuze leo. Nusu yake ni kweli. London ilianza kutoza ada ya kuingia na gari katikati ya jiji mwaka 2003, New York ikafuata Januari 2025, na Singapore tangu Februari 2018 imezuia idadi ya magari binafsi isiongezeke.

Lakini teksi mtandao nayo ni gari. Kuna mtu amelinunua, linatembea kutwa, linachakaa mapema na linaingia gereji mara nyingi kuliko la mtu anayekwenda kazini na kurudi. Kinachobadilika ni mnunuzi. Anakuja mwenye teksi 50, au kampuni ya kusafirisha vifurushi, na huyo ananunua kwa mkupuo na kubana bei. Kwa hiyo usiishie kutazama idadi ya magari yaliyouzwa. Tafuta faida iliyobaki kwa kila gari, na ulinganishe na ya miaka mitatu iliyopita.

Wengine huamini kwamba kampuni hizi huishi kwa faida ya magari mapya. Sivyo. AutoNation, mojawapo ya kampuni kubwa za kuuza magari Marekani, mwaka 2024 ilipata karibu nusu ya faida yake ghafi (mapato ukitoa gharama ya bidhaa au kazi yenyewe) kwenye matengenezo na vipuri, kazi isiyofika hata robo ya mapato yake. Sehemu nyingine kubwa ilitoka kwenye kupanga mikopo na kuuza bima. Gari jipya huleta mteja mlangoni, ila faida kubwa huja baadaye, anaporudi kwa matengenezo.

Hapo huzuka hoja ya magari ya umeme: hayabadilishwi oili, basi gereji zitafungwa. Ni kweli yana vipuri vichache vinavyozunguka na matengenezo yake ni machache. Hata hivyo, magari yaliyoko barabarani hayaondoki kwa siku moja. Marekani wastani wa umri wa gari umepita miaka 12. Mimi naogopa zaidi watengenezaji wanaomruka muuzaji na kumfikia mteja moja kwa moja, kama Tesla inavyofanya. Soma mikataba ya kampuni na watengenezaji wake kabla ya kusoma utabiri wa betri.

Sasa nije kwenye dhana inayoumiza wawekezaji kuliko zote: kwamba yadi iliyojaa magari ni dalili ya afya. Magari mengi yaliyopangwa pale yamenunuliwa kwa mkopo, na riba inahesabiwa kila siku. Tuchukulie gari la dola 20,000, mkopo wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kila mwezi linapokaa bila kuuzwa linakula takriban dola 133. Likikaa miezi mitatu, dola 400 zimekwenda. Kama muuzaji alitarajia faida ghafi ya asilimia 5, yaani dola 1,000, ameshapoteza asilimia 40 ya faida hiyo kabla hajapunguza bei hata kidogo, na bado hajalipa mishahara ya wafanyakazi wala kodi ya kiwanja. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023, na kila muuzaji mwenye mkopo wa riba inayobadilika aliusikia uchungu huo. Kwenye ripoti ya mwaka, tafuta wastani wa siku gari linazokaa kabla ya kuuzwa. Siku zikiongezeka huku mauzo yakisifiwa, uliza maswali.

Kuhusu kuuza mtandaoni, wapo wanaodhani anayeuza kwa programu ya simu ndiye mshindi wa kesho. Cazoo ya Uingereza iliingia soko la hisa la New York mwaka 2021 ikithaminiwa dola bilioni 7. Mei 2024 ikawa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Hisa ya Carvana, inayouza magari mtandaoni Marekani, ilipita dola 300 mwaka 2021, ikashuka chini ya dola 5 mwishoni mwa 2022, kisha ikapanda tena baada ya kupanga upya madeni na kubana gharama. Programu ni ileile; kilichobadilika ni madeni na gharama.

Mwisho, dhana kwamba hisa yenye bei ndogo ikilinganishwa na faida ya kampuni ni ya kukimbilia. Mwaka 2021 chipu za kielektroniki zilipoadimika, magari mapya yakawa machache, bei zikapaa na wauzaji wakavuna faida isiyo ya kawaida. Aliyekadiria thamani ya hisa kwa faida ya mwaka huo pekee alidhani amepata bei ya kutupa. Chukua wastani wa miaka saba au zaidi, wenye mwaka mmoja mbaya ndani yake, ndipo ugawe bei ya hisa kwa wastani huo wa faida ya kila hisa.