Utafutaji wa vijenzi vya kiolesura kwa neno kuu: maana yake na namna unavyofanya kazi

Mwambie fundi wa milango wa Lamu unataka ule ubao uliosimama katikati ya mlango, unaoziba mwanya panapokutana mabao mawili, naye atajua ni mfaa unaotaka, hata kama jina hilo hujapata kulisikia. Fundi analijua jina, na kazi ya kitu anaijua pia. Chombo cha kutafutia vijenzi kinatakiwa kiwe na ujuzi huohuo.

Kijenzi cha kiolesura ni kipande kimoja cha skrini chenye kazi yake: kitufe, menyu kunjuzi, kichagua tarehe, kisanduku cha kuteua, kidirisha cha uthibitisho. Watengenezaji programu huvichukua vikiwa tayari kutoka kwenye maktaba zenye makumi, pengine mamia, ya vipande. Chombo cha kutafutia ni kisanduku unachoandika neno moja au mawili, nacho kikakuletea vijenzi vinavyohusika, kila kimoja na mfano wake na msimbo wa kunakili.

Ugumu uko kwenye majina. Ujumbe mfupi unaochomoza pembeni mwa skrini kisha ukatoweka, Material Design, mwongozo wa Google wa kusanifu skrini, huuita "Snackbar". Bootstrap, maktaba ya vijenzi vya kurasa za wavuti, huuita "Toast". Kidirisha kinachozuia ukurasa mpaka ujibu ni "Modal" kwa Bootstrap na "Dialog" kwa Material Design. Sasa mtu anayejenga ukurasa wa kukatia tiketi za boti za Lamu na Mokowe hana haja na majina hayo. Ataandika "ujumbe tiketi imehifadhiwa". Ikiwa chombo kinasoma majina tu, atapata ukurasa mtupu, na atadhani kijenzi hakipo.

Kwa hiyo kila kijenzi kiandikiwe mambo matatu: jina, visawe, na sentensi mbili au tatu za kueleza kazi yake kwa maneno ya mtumiaji. Visawe vitano hadi kumi kwa kijenzi vinatosha kuanzia. Humo tia majina ya maktaba nyingine, tahajia zote mbili pale zinapotofautiana (kuonyesha na kuonesha), na neno la mahali pia: mtu wa Lamu anaweza kuandika "ndia" akikusudia njia.

Chombo hakipekui maelezo yote kila unapotafuta. Hutengeneza kwanza faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu: neno "tarehe" limo kwenye vijenzi hivi, neno "saa" kwenye vile. Kisha hupanga matokeo kwa uzito. Mpango mzuri wa kuanzia ni kulipatia neno lililo kwenye jina alama 5, kwenye visawe 3, kwenye maelezo 1. Juu ya hapo hutumika kanuni aliyoieleza mtaalamu wa kompyuta Karen Spärck Jones mwaka 1972: neno linalopatikana kwenye vijenzi vichache lina uzito kuliko lililotapakaa kote. Ndiyo maana "ya" na "kwa" hazivurugi matokeo, ilhali "uthibitisho" huyapanga vyema.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai uangalizi wake. Vyombo vingi hukata maneno ili kufikia shina, na njia mashuhuri ya Kiingereza, ile ya Martin Porter ya mwaka 1980, hukata mwisho wa neno. Kiswahili hubadilika zaidi mbele. Ipe njia hiyo "kitufe" na "vitufe": itatoa "kituf" na "vituf", maneno mawili yasiyokutana kamwe. Anayetafuta kwa wingi hapati kilichoandikwa kwa umoja, na mara nyingi kosa hili halionekani, kwa sababu anayejaribu chombo ndiye aliyeandika maelezo, na hutafuta kwa maneno yaleyale aliyoyaandika.

Dawa nyepesi ni kulikata neno vipande vya herufi tatutatu. "Kitufe" hutoa kit, itu, tuf, ufe. "Vitufe" hutoa vit, itu, tuf, ufe. Vipande vya pamoja ni 3 kati ya 5 tofauti, yaani 0.6. Lakini "kituo" nalo lina kit na itu: 2 kati ya 5, sawa na 0.4. Ukiweka kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kukubali neno, 0.5, vitufe vinaingia na kituo kinabaki nje. Kizingiti kikishuka hadi 0.3, orodha inajaa takataka. Njia hii huvumilia pia "kuchagua" na "kichagua", kwa kuwa shina limebaki zima.

Makosa ya kuandika yana hatari yake. Mpangilio wa kujiendesha wa Elasticsearch, programu ya kutafutia, huruhusu kosa 1 kwa neno la herufi 3 hadi 5, na makosa 2 kwa neno refu zaidi. Kwa maneno yetu mafupi hilo ni jingi mno: "safu" na "safi" zimeachana kwa herufi moja tu. Ni salama zaidi kudai ulinganifu kamili hadi herufi 4, kosa 1 kuanzia herufi 5, na makosa 2 kuanzia herufi 9. Mtu akiandika maneno mawili, vitangulie vijenzi vyenye yote mawili, kisha vyenye moja. Usivifiche hivi vya pili.

Seva, yaani kompyuta ya mbali ya kuhudumia utafutaji, si lazima. Vijenzi 200 vyenye maneno 60 kila kimoja ni maneno 12,000, matini isiyozidi kilobaiti 100 hivi. Faharasa inaweza kukaa ndani ya kivinjari na kufanya kazi hata mtandao ukikatika.

Kazi inayosahaulika ni kuhifadhi kila utafutaji uliorudi mtupu. Pitia orodha hiyo mara moja kwa wiki. Ukikuta watu wameandika "kalenda" wakaambulia patupu, neno hilo lipeleke kwenye visawe vya kichagua tarehe siku hiyohiyo.