Sukari ya msikitini: filamu ya Iran katika darasa la Mtwara

Kwa mwalimu wa darasa la sita au kidato cha kwanza hapa Mtwara anayetaka wanafunzi waione jamii ya mbali, filamu ninayoitanguliza ni Children of Heaven ya Majid Majidi, iliyotengenezwa Iran mwaka 1997. Ni ya dakika 89 hivi. Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra. Pesa nyumbani hakuna, basi wanavaliana jozi moja: Zahra anasoma asubuhi, Ali anasoma mchana. Uzito wa viatu vya shule mtoto wa hapa haelezwi na mtu.

Kazi kubwa ni manukuu, yaani maandishi ya chini ya picha. Filamu inasemwa Kiajemi, na manukuu ya Kiingereza hupita kabla mtoto hajamaliza kusoma. Fungua faili la SRT (faili la maandishi lenye manukuu na muda wake) kwa programu ya kawaida ya maandishi, tafsiri maneno, ila namba na muda usiviguse hata kidogo: koma ikihama, manukuu yanaweza kuchelewa au yasitokee kabisa. Usizidishe mistari miwili, herufi 40 hivi kila mmoja. Kiswahili hurefuka, kwa hiyo punguza bila huruma. Darasa likiwa na wasomaji wazito, fanya kama watafsiri wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video: sauti ya filamu chini, wewe usome kwa sauti.

Onyesha dakika 30 tu kwa kipindi cha dakika 80. Ukutani tundika shuka jeupe lililopigwa pasi. Madirishani kitenge huchuja jua tu, hakilizuii. Magunia ya korosho yaliyokunjwa mara mbili ni bora zaidi.

Sasa sukari. Baba ameketi chini akivunjavunja sukari ya msikiti. Zahra anamletea chai, baba anaomba sukari. Binti anashangaa, si hiyo imejaa mbele yako? Baba anamwambia hii ni ya msikiti, tumekabidhiwa tu. Simamisha picha hapo. Uliza kwanza: mmeona nini? Usikubali “baba ni mkali”, hiyo ni hukumu. Dai vitu: zulia, glasi ya chai, vipande vya sukari (Wairani wengi huweka kipande mdomoni, kisha hunywa chai). Ndipo uulize kwa nini hakuchukua hata punje. Wengi watakutajia neno amana wenyewe, na hapo Tehran, mji wa akina Ali, imesogea karibu bila mhadhara wowote. Ukianza na “kwa nini”, utapata majibu ya kumfurahisha mwalimu.

Kosa linalojirudia ni mwanafunzi kuondoka akiamini Wairani wote ni maskini. Dawa imo humohumo: Ali na baba yake wanapanda baiskeli hadi mitaa ya matajiri kutafuta kazi ya bustani. Weka kando kwa kando uchochoro wao na lile geti lenye kengele ya kuongelea, waorodheshe tofauti.

Umeme nao ukatike usikatike, jipange. Projekta ya wati 250, laptopu na spika hula kama wati 320. Nusu saa ni wati-saa 160. Betri ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, yenye inveta inabeba hilo bila kushuka chini ya nusu.

Kipande cha mwisho, cha Ali kwenye mashindano ya mbio, usikisimamishe hata mara moja. Maswali yangoje magunia yateremshwe madirishani.