Majina ya bloku za kwilti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwezi wa saba, baridi ya Uyole inapobana, ndipo ninapotoa kiroba changu cha mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa Mwanjelwa na kuanza kuunga kwilti, yaani blanketi la viraka. Wanaokuja kujifunza huniuliza majina ya bloku, yaani vile vipande vya mraba vyenye ruwaza vinavyoungwa pamoja kuwa kwilti, kabla hata ya kushika mkasi. Hilo hunifurahisha sana, ila mengi waliyosikia hayako sawa.

"Kila bloku ina jina lake moja la asili." Hapana. Kuna bloku ya Kimarekani yenye miraba minne mikubwa pembeni, na kila mraba una pembetatu ndogo kama kucha kwenye pande zake mbili za nje. Ruth Finley, Mmarekani aliyeandika kitabu juu ya kwilti za zamani, alisema mwaka 1929 kwamba Ohio na magharibi mwa Pennsylvania iliitwa Unyayo wa Dubu. Long Island, penye maji kila upande, ilikuwa Mguu wa Bata Matopeni. Waquaker, kundi la Wakristo, wa Philadelphia waliiita Mkono wa Urafiki. Mishono ni ileile, ila kila mwanamke alitaja alichokiona mlangoni kwake. Dada mmoja wa Tukuyu alipoiona kwangu alisema, "Hili si jani la mgomba lililochanwa na upepo?" Sikumsahihisha, maana hakukosea.

"Yote ni majina ya mabibi wa zamani." Mengine yalizaliwa magazetini. Kansas City Star lilichapisha ruwaza kuanzia 1928 hadi 1961, na nyingi zilitumwa na wasomaji wenyewe.

"Ni mambo ya jikoni tu." Wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920, lakini siasa walikuwa wakizishona tangu zamani. Chama cha Whig kilisambaratika miaka ya 1850, na hadi leo watu wanashona bloku za Waridi la Whig na Kushindwa kwa Whig.

"Yalikuwa mafumbo ya kuwaongoza watumwa waliotoroka." Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na naelewa kwa nini: inagusa moyo. Ilienea kupitia kitabu cha mwaka 1999, lakini wanahistoria hawajapata ushahidi wa enzi zile. Tazama Pete Mbili za Ndoa, mojawapo ya bloku zinazotajwa katika fumbo hilo. Jina hilo lilivuma miaka ya 1920, na utumwa Marekani ulikomeshwa 1865. Waliotoroka walikuwa na ujasiri wa kutosha, hawahitaji kuongezewa hadithi.

"Sisi huku tuyatumie kama yalivyo." Kwa nini? Bloku ya Nyumba ya Magogo huanza na kamraba kadogo katikati, mara nyingi chekundu, na husimuliwa kuwa ndiyo moto wa nyumba. Kisha unazungusha vipande virefu, kimoja baada ya kingine, upande mmoja rangi za mwanga, mwingine za giza. Ya kwangu niliishona kwa kitenge cha marehemu mama, chekundu kilichopauka kwenye mikunjo. Mama alichuma chai Rungwe tangu usichana wake, na vipande vile vinavyopishana vilinikumbusha ufumaji wa kikapu alichobeba mgongoni. Nikaiita Kikapu cha Chai. Fundi jirani yangu ameinakili, na yeye anaiita Ngazi.