Prochlorococcus si mzazi wa kloroplasti
Wapo wanaodhani, kwa kulitazama jina tu, kwamba Prochlorococcus, jenasi ya bakteria wadogo mno wa baharini walioelezwa na mwanasayansi Sallie Chisholm na wenzake mwaka 1988, ndiyo chimbuko la kloroplasti za mimea, yaani sehemu za seli zinazotumia mwanga kutengeneza chakula. Jina hilo, lililopendekezwa mwaka 1992, liliwahusisha na Prochloron, jenasi nyingine ya bakteria, kwa sababu wote wana klorofili b (rangi inayonasa mwanga) ya aina fulani, ambayo sainobakteria wengi (bakteria wanaotumia mwanga kutengeneza chakula) hawana, na Prochloron aliwahi kudhaniwa kuwa karibu na asili ya kloroplasti za kijani. Ulinganisho wa jeni ulionyesha vingine: jamaa wa karibu wa Prochlorococcus ni Synechococcus wa baharini, jenasi nyingine ya sainobakteria. Hata hivyo jina limebaki, kwani kanuni za majina ya kisayansi haziruhusu kulifuta kwa sababu tu maana yake haifai.