Mshindani wako hayuko kwenye orodha yako

Mipango ya biashara inayofika mezani kwetu huwa na kurasa nyingi za mashine na mtaji. Ukifika kwenye washindani unakuta mstari mmoja: "Eneo langu halina kiwanda cha unga." Hapo huwa naweka kalamu chini na kumuuliza mwenye mpango: kwani watu wa huko hawali ugali?

Tubaki na mfano huo wa sembe. Anayetaka kufungua kiwanda kidogo cha kukoboa na kusaga huhesabu viwanda vya wenzake tu. Anamsahau mwenye mashine ya mtaani, ambako mtoto anatumwa na ndoo ya mahindi yaliyotoka shambani kwa bibi. Anausahau unga wa kupima, usio na jina, unaochotwa kwenye kiroba kilichowekwa wazi pale dukani. Hata mchele, ukishuka bei, unagombania pesa ileile ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo anza dukani. Mwombe mwenye duka ukae naye kwenye benchi siku mbili, moja katikati ya mwezi na nyingine mwisho wa mwezi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Sikiliza watu wanavyoagiza. Mteja akisema "nipe unga kilo moja" bila kutaja jina, anayemchagulia ni muuza duka, na huyo ndiye utakayehangaika naye. Akitaja jina na kukataa mfuko mwingine, jua kuna mtu alishaifanya kazi ya kujenga jina kabla yako.

Wateja wakipungua, muulize muuza duka: anayekuletea unga unamlipa lini? Wengi watakwambia ni mali kauli, analipwa akileta mzigo mwingine. Jibu hilo linabadilisha hesabu yako yote. Hata unga wako ukiwa mweupe kuliko wake, bila mtaji wa kuacha mifuko madukani wiki mbili bila malipo, rafu hiyo huipati.

Nunua mifuko ya washindani watatu. Ipime kwenye mzani, kisha upike ugali wa kila mmoja na uwape majirani bila kuwaambia upi ni upi. Soma na maandishi ya mfuko. Tangu 2019 usajili wa vyakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na mfuko usio na alama yake unakudokeza kwamba huenda mwenyewe hajaingia gharama ambazo wewe utaziingia.

Bei ndiyo huwachanganya wengi. Unakuta mwenzako anauza kwa bei ambayo kwenye daftari lako ni hasara, unaanza kusema ana dawa. Muulizie pumba anampelekea nani. Wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wananunua pumba, na mara nyingi faida yake imejificha huko. Halafu chunguza alinunua mahindi lini. Mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yakiingia sokoni, Juni na Julai, bei huwa chini. Kufikia Januari kwa kawaida imepanda. Mwenye ghala kavu anasaga Januari mahindi ya Julai. Wewe unayenunua gunia kumi kumi utamwona kama mchawi.

Uchunguzi una mipaka yake. Usimhonge kijana wa mshindani akuibie daftari la wateja. Usiige mfuko wake rangi kwa rangi. Na mkishafahamiana, msikae mkapanga bei pamoja: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza.

Aliyefunga kiwanda mtafute pia, mtaani wanamjua. Mmoja aliwahi kunionyesha daftari lake la mwisho. Ukurasa mzima ulikuwa majina ya maduka, mbele ya kila jina idadi ya mifuko, na mbele ya idadi neno moja: bado.