Kuingiza thamani si kujaribu namba

Hapa Kigoma, kwenye tuisheni za Mwanga hadi za Ujiji, mtoto akikwama kwenye mlinganyo wenye sehemu huambiwa, “Weka namba uone kama inakubali.” Halafu hilo ndilo linaloitwa kuingiza thamani. Hapana.

Kuingiza thamani ni kuweka mahali pa herufi ile namba uliyopewa na swali, ili ibaki herufi moja ya kutafuta. Basi.

Chukua x/2 + y/3 = 4. Muuza mawese ametoa nusu ya madumu ya stoo moja na theluthi ya madumu ya stoo ya pili, jumla madumu 4. Stoo ya kwanza ilikuwa na madumu mangapi? Hakuna awezaye kujibu. Labda 4 na ya pili 6. Labda 2 na ya pili 9. Labda 8 na ya pili tupu. Zote zinakubali. Anayejaribu namba ataangukia jozi mojawapo na kuamini amepata jibu, na hapo ndipo ninapoumia, maana mtoto huyo hajakosea kujumlisha wala kugawanya. Amefundishwa vibaya swali linataka nini. Namba ya kuingiza haichagui yeye; inatoka kwenye swali, au kwenye hesabu iliyotangulia.

Sasa tuseme tumepewa y = 5. Tunaandika x/2 + 5/3 = 4, na kuingiza kumeishia hapo. Kutafuta x ndiyo kwanza kunaanza. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 ni 6, nayo huzidisha kila kilichopo, pamoja na ile 4 ya upande wa kulia: 3x + 10 = 24, kwa hiyo x = 14/3. Wengi huiruka 4 kwa kuwa haionekani kuwa na asili, yaani namba ya chini ya sehemu (asili yake ni 1, haiandikwi tu), wakabaki na 3x + 10 = 4, wakapata x = −2. Irudishe −2 kwenye mlinganyo wa mwanzo: −1 + 5/3 ni 2/3, haifiki 4.

Kurudisha huko ni kuhakiki. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, “uone kama inakubali” usiitupe; iseme mwishoni, x ikishapatikana. Mwanzoni muulize mtoto kwanza: swali limekupa thamani ya herufi ipi?