Kiazi cha Njombe kinapoamkia Mtwara

"Mwalimu, hebu ona, hivi si vimelogwa?" Dada anayekaanga chipsi jirani na kwangu hapa Mtwara mjini alinitolea kiazi guniani. Wiki tatu nyuma kilikuwa hakina kitu. Sasa jicho la kichwani limetoa chipukizi jeupe, refu kama pingili ya kidole, na macho mengine yote bado yamefumba.

Mimi ni mtu wa fiziolojia ya mimea, yaani namna mwili wa mmea unavyofanya kazi, na swali kama hilo hunisahaulisha nilikokuwa nakwenda.

Kiazi mviringo huanza kulala kikiwa bado udongoni. Wakati huo hata ukikipa maji na joto hakichipui, maana kizuizi kiko ndani yake. Homoni zinazokilaza ni asidi ya abisisiki na ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Asidi hiyo hutengenezwa na kuvunjwa kila siku. Kadiri muda unavyokwenda, kuvunjwa huzidi kutengenezwa. Lakini kupungua kwake peke yake hakutoshi kukiamsha. Lazima homoni nyingine, sitokinini, ipande, na jicho liwe limeanza kuisikia, ndipo seli zigawanyike. Jibarelini, nayo homoni, kazi yake kubwa ni kurefusha chipukizi. Hilo nalijua kwa aibu: nikiwa mwanafunzi nilizidisha kipimo cha jibarelini, nikavuna machipukizi membamba kama njiti, yakaanguka yenyewe.

"Sasa mbona limeamka jicho moja tu?"

Hiyo ni homoni iitwayo oksini, dada. Chipukizi la kichwani huiteremsha, nayo huwanyamazisha wadogo zake. Livunje uone: watainuka wengi kwa pamoja. Wakulima wa mbegu hulivunja makusudi ili shina zije nyingi. Wewe ukilivunja umejiongezea kazi.

Na joto letu je? Kiazi kilichozoea baridi ya Njombe kikifika pwani usingizi wake hufupika, na gunia lenyewe alikuwa ameliegemeza karibu na jiko la mkaa! Nilimsaidia kulihamishia chumba cha nyuma, penye giza na hewa.

Akauliza kama kile cha mkononi kinalika. Kilikuwa bado kigumu, hakina ukijani, nikamwambia achimbe jicho lote na amenye ganda nene. Kikaingia kwenye mafuta.

Siku hizi ananunua nusu gunia.